Mizabibu inayokimbilia majani: tafuta chanzo kabla ya kushika mkasi

Mwishoni mwa Januari, mvua ikiwa imeshika, ukipita njia ya Hombolo hapa Dodoma utaona mashamba ya zabibu yaliyofunga hadi mapito hayaonekani. Machipukizi yamevuka waya wa juu, yamejipinda, yameshuka upande wa pili na kushikana na ya mstari wa jirani. Mpita njia anasifu kwamba shamba limestawi. Mwenye shamba naye anafurahi, mpaka siku ya kuvuna anapofunua majani na kukuta vichala vichache vilivyopauka, vingine vimeoza katikati, na mnunuzi akitoa kipimo chake cha sukari, namba inasoma chini.

Nimelima zabibu Dodoma miaka kadhaa sasa. Kosa lililonigharimu kuliko yote halikuwa ugonjwa wala ukame. Niliona wingi wa majani nikadhani ni baraka, na nilipogundua kuwa si baraka nikaanza kuupiga vita kwa panga. Kila nilipokata, mizabibu ilirudi na nguvu zaidi. Ilinichukua misimu kuelewa kwamba majani yale hayakuwa ugonjwa wenyewe. Mzabibu una akiba ya chakula kwenye mizizi na shina, na akiba hiyo ni lazima itoke mahali. Ukiziba bomba huku pampu inaendelea kusukuma, maji yatatokea kwenye maungio. Kwa hiyo swali la kujiuliza shambani ni hili: nguvu hii inatoka wapi, na kwa nini haiendi kwenye zabibu?

Huku kwetu kuna jambo linalofanya swali hilo liwe zito kuliko kule Italia au Afrika Kusini. Mzabibu wa huko hulala wakati wa baridi, hupukutisha majani yote na kuanza upya. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na haina baridi ya kuulaza. Mkasi ndio baridi yake. Siku unapopogoa ndipo mwaka wake unapoanza, na baada ya miezi minne hivi unavuna. Ndiyo maana tunapata mavuno mawili, moja la mwanzo wa mwaka wakati wa mvua na jingine la Agosti na Septemba wakati wa kiangazi. Ni neema kubwa, lakini mwenye mkono mbaya wa kupogoa naye hukosea mara mbili kwa mwaka.

Kwanza hakikisha kwamba tatizo lipo

Shamba la kijani si lazima liwe shamba lenye tatizo. Chukua rula, fimbo nyembamba na mizani ya kuning'iniza, ingia mstari wa katikati, si ule wa pembeni mwa barabara.

Pima pingili, yaani nafasi kati ya jani na jani kwenye chipukizi lililokomaa. Sentimita 6 hadi 8 ni afya. Zikifika 10 au 12, mti unakimbia. Angalia unene: chipukizi zuri lina unene wa penseli na ni la mviringo. Lenye unene wa kidole gumba, lililobapa kidogo upande mmoja na laini ndani, ni dalili. Hesabu machipukizi katika mita moja ya mstari. Kumi na tano hivi yanatosha. Kisha penyeza fimbo kwenye majani usawa wa vichala, mara 20 sehemu tofauti, na kila mara uhesabu imegusa majani mangapi kabla ya kutokea upande wa pili. Wastani wa jani moja hadi moja na nusu ndio unaotakiwa. Mimi mara ya kwanza nilipata manne.

Kipimo cha mwisho ndicho ninachokiamini kuliko vyote, nacho hakihitaji chochote zaidi ya mizani. Chagua mizabibu kumi, ifunge kamba ya rangi. Ukivuna, pima uzito wa zabibu za kila mmoja. Ukipogoa, pima uzito wa matawi uliyoyakata kwenye mti uleule. Gawanya zabibu kwa matawi. Hesabu hii hupewa jina la Louis Ravaz, Mfaransa wa Montpellier aliyeitumia mwanzoni mwa karne ya 20. Jibu likiwa kati ya 5 na 10, mti uko sawa. Mzabibu uliotoa kilo 6 za zabibu na kilo 1 ya matawi una 6, hauna neno. Uliotoa kilo 2 za zabibu na kilo 1 na nusu ya matawi una 1.3, na huo unalima kuni. Likizidi 10 au 12 tatizo ni kinyume chake: mti umebebeshwa mzigo na unachoka, na mengi nitakayoyasema hapa chini hayakuhusu.

Vilevile pima matawi yaliyokatwa kwa kila mita ya mstari. Gramu 300 hadi 600 ni kiasi kinachokubalika. Andika namba hizi kwenye daftari, kwa sababu utazihitaji.

Machipukizi ni machache, manene, marefu kupita kiasi

Hapa chanzo mara nyingi ni mkasi wako mwenyewe. Umepogoa sana.

Najua hili linapingana na akili ya kawaida. Mti umekua mno, kwa hiyo unaukata zaidi ili utulie. Lakini fikiria akiba ile iliyoko chini. Ukiacha macho 40, yaani vifundo 40 vya kuchipua, kila jicho linapata mgao wake mdogo na linatoa chipukizi la wastani. Ukiacha macho 12, akiba ni ileile, walaji ni wachache, na kila mmoja anashiba hadi anavimba. Msimu unaofuata unaona machipukizi manene, unaogopa, unakata tena hadi macho 10. Nimekaa kwenye duara hilo misimu mitatu. Nilikuwa nimeonyeshwa kwamba kila kijiti kibakizwe macho mawili, basi nikafanya macho mawili shamba zima, mti mnene na mwembamba, bila kuuliza mti husika una uwezo gani.

Tiba ni kuacha macho yanayolingana na nguvu ya mti. Kanuni inayofaa kuanzia ni macho 30 hivi kwa kila kilo ya matawi uliyokata. Mti uliotoa kilo 1.4 za matawi unataka macho 42. Mti dhaifu uliotoa nusu kilo unataka 15 tu. Maana yake huwezi kupogoa shamba zima kwa mtindo mmoja. Ukiwa na vibarua, kaa nao asubuhi ya kwanza, pogoeni miti mitano pamoja huku mkipima, mpaka jicho la kila mmoja lizoee. Asubuhi hiyo hairudishiki kwa malipo ya ziada baadaye.

Kuna mtego, na wengi huingia hapa. Macho 42 kwenye mzabibu wenye nafasi ya mita moja na nusu ni machipukizi 28 kwa kila mita. Hapo umetuliza unene lakini umetengeneza kichaka. Kwa hiyo kuongeza macho huenda pamoja na kuongeza nafasi: kurefusha mikono ya mzabibu kwenye waya, kung'oa mti mmoja kati ya miwili na kuuacha uliobaki utambae, au kuyagawa machipukizi. Nitarudi kwenye kugawa.

Macho ya ncha yamechipua, ya katikati yamelala

Hili ni tatizo la nchi za joto hasa. Bila baridi ya kuyaamsha macho yote kwa pamoja, jicho la mwisho wa tawi huamka kwanza na kuwanyima wenzake. Ukiacha tawi refu la macho kumi, yanachipua mawili au matatu ya nchani, na hayo ndiyo yanayoondoka kama mkuki. Katikati panabaki ufito mtupu, msimu baada ya msimu, hadi mzabibu unazaa mwishoni mwa mikono tu.

Dawa rahisi ni kutumia vijiti vifupi vya macho mawili au matatu vilivyosambazwa mkono mzima, badala ya matawi marefu machache. Idadi ya macho inabaki ileile, imegawanywa tu. Ukilazimika kuacha tawi refu, lipinde upinde, ncha ielekee chini ya waya, ndipo ulifunge. Jicho la nchani likishushwa hupoteza ukuu wake na ya katikati hupata nafasi. Pinda polepole asubuhi baada ya kumwagilia, tawi likiwa na unyevu, la sivyo litakatika mkononi.

Nchi nyingine za joto hupaka macho dawa ya kuyaamsha iitwayo sianamidi ya haidrojeni. Inafanya kazi, ila ni sumu kali kwa anayeipaka, na aliyeigusa akinywa pombe siku hizo hudhurika vibaya. Mimi siipendekezi kwa mkulima asiye na vifaa kamili vya kujikinga. Kupinda na kugawa vijiti kunatosha.

Zabibu zinaanza kubadilika rangi lakini ncha bado zinakua

Punje zinapoanza kulainika na kushika rangi, mzabibu wenye afya huacha kurefuka. Ncha zinasimama, zinakauka au zinabaki ndogo. Ukiona katika mita kumi za mstari ncha nyingi bado mbichi, zimenyooka, vikono vya kushikia ni virefu na vimezidi ncha yenyewe, na kila kwapa la jani limetoa kitawi chake, basi kuna maji au naitrojeni, au vyote viwili, vinavyoendelea kuusukuma.

Kuvitofautisha si kugumu. Chimba shimo la sentimita 60 kati ya mti na mti. Finyanga udongo wa chini kiganjani. Ukishikamana na kuacha unyevu mkononi wiki kadhaa baada ya mvua ya mwisho, una maji mengi. Udongo ukiwa mkavu na bado ncha zinakimbia, na majani ni makubwa, laini, ya kijani kilichokolea kuelekea weusi, ni naitrojeni.

Tuanze na naitrojeni, maana ndiyo iliyonikuta. Dodoma ni nchi ya ng'ombe na samadi ipo. Udongo wetu mwingi ni mwekundu wa kichanga, maskini, kwa hiyo tumezoea kuamini kwamba samadi haizidi. Fanya hesabu hii. Tani moja ya zabibu inaondoka shambani na naitrojeni ya kilo 2 hivi. Ukivuna tani 10 kwa mwaka, umepoteza kilo 20. Tani 10 za samadi kavu yenye naitrojeni ya asilimia 1 zinaleta kilo 100. Si yote inayotoka mwaka wa kwanza, lakini hilo ndilo linalodanganya: inaendelea kutoka mwaka wa pili na wa tatu, hasa mvua ya Desemba inapolowanisha udongo uliokuwa na joto miezi minane. Nilimwaga samadi miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa nne sikuweka hata debe moja, na bado mizabibu ilikimbia.

Acha samadi na urea kabisa kwa misimu miwili kwenye mistari yenye dalili. Usiiondoe shambani kote. Kwenye mistari dhaifu endelea. Wakati wa mvua, acha nyasi ziote katikati ya mapito na uzifyeke zinapofika magotini badala ya kupalilia hadi udongo uwe mtupu. Nyasi hunywa maji na kula naitrojeni ambayo ingeingia kwenye mzabibu. Palilia chini ya mti tu. Waliozoea kupanda kunde au karanga katikati ya mistari wajue kwamba mikunde huongeza naitrojeni, kwa hiyo kwenye shamba linalokimbia si wakati wake. Mvua zikiisha, nyasi zikatwe na zilazwe kama matandazo, maana kiangazi cha Dodoma hakina huruma na mti hauhitaji mshindani tena.

Maji sasa. Mvua huwezi kuifunga, na milimita zetu 500 hadi 600 hushuka karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa zao la mvua, zima bomba. Nimeona watu wakimwagilia kwa ratiba ileile ya kiangazi wakati mawingu yametanda, kwa sababu ndiyo zamu yao ya maji. Kwa zao la kiangazi una nguvu kamili mikononi, hasa ukiwa na mabomba ya matone. Mwagilia vizuri tangu kuchipua hadi punje zifunge na kufikia ukubwa wa njegere. Hapo punguza hadi nusu, na uendelee kutazama ncha. Zikisimama, rudisha maji kidogo ili majani yasikauke kabla ya kuivisha. Usiubane mti kwa kiu wakati unachanua, maana utapukutisha maua na kupoteza hata kile kidogo ulichokitarajia.

Tahadhari moja ya kwetu: visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Ukipunguza maji kwa muda mrefu, chumvi hujikusanya pale mizizi ilipo, na kingo za majani huungua kuwa kahawia. Ukiliona hilo, mwagilia maji mengi mara moja ili kuisukuma chini, kisha urudi kwenye kipimo kidogo.

Maua yanapukutika, vichala vina punje za kuhesabu

Chipukizi linalokimbia na kichala kinachochanua hugombania chakula kimoja, na ncha hushinda. Maua yanaanguka, kichala kinabaki na punje kumi na mbili, na kwa kuwa mzigo ni mdogo, nguvu iliyobaki inarudi kwenye majani. Msimu ujao hali ni mbaya zaidi.

Hapa, na hapa tu, kukata ncha mapema kunasaidia. Maua ya kwanza yanapofunguka, finya ncha ya kila chipukizi kwa kidole, sentimita chache tu. Kwa siku kadhaa mashindano yanapungua na punje zinafunga. Usikate wiki mbili kabla, kwa sababu vitawi vya makwapani vitakuwa vimeshachipua na vitagombania chakula pale pale maua yanapofunguka.

Kupukutika kuna vyanzo vingine pia. Mvua kubwa siku za kuchanua inatosha peke yake. Upungufu wa boroni au zinki hutoa punje ndogo na kubwa zilizochanganyika kwenye kichala kimoja, na huo haurekebishwi na mkasi. Ukihisi hivyo, peleka majani yakapimwe kabla ya kupulizia, kwa sababu boroni ikizidi kidogo tu huunguza.

Ndani kuna giza, majani ya chini ni manjano, vichala vinaota ukungu

Kivuli ndicho kinachogeuza majani mengi kuwa hasara ya fedha. Punje zilizoko gizani hazishiki rangi vizuri, zinabaki na uchachu, na unyevu wa umande haukauki hadi saa nne asubuhi. Ubwiri unga, ubwiri vinyoya na uozo hupata nyumba. Zabibu aina ya Chenin Blanc, ambayo punje zake zimebanana, huoza kwanza. Aina ya Makutupora nyekundu nayo hupauka na kutoa mchuzi, yaani maji ya zabibu, mwepesi. Na salfa unayopulizia hutua kwenye majani ya nje. Yale ya ndani yenye ugonjwa hayapati hata tone.

Kazi ya kufungua huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Machipukizi yakiwa na urefu wa shubiri hivi, pita na uyang'oe kwa mkono yaliyotoka shinani, yaliyo pacha kwenye jicho moja na yale yasiyo na kichala. Yanachomoka kwa kidole bila jeraha. Ukisubiri yafike mita moja utahitaji mkasi, na nguvu iliyotumika kuyakuza haitarudi. Usiondoe yote yasiyo na kichala kama yatakayobaki yatakuwa chini ya kumi kwa mita, usije ukarudi kwenye tatizo la kwanza. Na acha moja au mawili yaliyo karibu na shina kwa ajili ya kijiti cha msimu ujao.

Punje zikishafunga, ondoa majani mawili au matatu yanayokifunika kila kichala, upande mmoja tu. Upande upi? Vitabu vya Ulaya havitakusaidia, kwa sababu jua la kwao liko kusini mwaka mzima. Mistari yako ikielekea kaskazini na kusini, fungua upande wa mashariki, unaopata jua la asubuhi, na uache majani ya magharibi yakinge jua la saa tisa. Mistari ikielekea mashariki na magharibi, kumbuka jua letu huhama. Desemba na Januari linapita kusini mwetu, kwa hiyo fungua upande wa kaskazini. Juni na Julai linapita kaskazini, kwa hiyo zao la kiangazi lifunguliwe kusini. Nililijua hili baada ya kuunguza vichala vya mistari miwili kwa kufungua upande uleule niliofungua msimu wa mvua. Punje zilizozoea kivuli hubabuka kwa siku moja, kwa hiyo fungua zikiwa bado ndogo na ngumu, usisubiri zikaribie kuiva.

Mti ni mzuri, majani ni tele, kichala hakuna

Wengi hapa hulaumu mbegu. Wakati mwingine ni kweli, kipando cha aina nyingine kilichanganyika kitaluni. Lakini kama mti ulizaa vizuri miaka ya nyuma, tazama nyuma msimu mmoja.

Kichala utakachokivuna Agosti hakikuumbwa Aprili ulipopogoa. Kiliumbwa ndani ya jicho wakati jicho hilo lilipokuwa bado kwenye chipukizi bichi, miezi kadhaa kabla. Ndani ya jicho kuna chembe inayoweza kuwa kichala au kikono cha kushikia, na mwanga ni sehemu kubwa ya uamuzi. Jicho lililokulia juani hutoa vichala, lililokulia gizani hutoa vikono. Hivyo kichaka cha Januari kinakuja kudai deni lake Agosti, wakati umeshakisahau.

Kwa hiyo unapopogoa, usichague tawi kwa sababu liko mahali pazuri tu. Chagua lililokulia nje kwenye mwanga: la kahawia iliyoiva, la mviringo, unene wa penseli, pingili fupi. Yale manene yaliyobapa yaache yaende. Wakulima wa Nashik, India, ambao nao hawana baridi ya kutosha, hupogoa mara mbili kwa mwaka na kuvuna mara moja tu. Pogoo la Aprili ni la kutengeneza macho, la Oktoba ni la matunda. Sisemi tuache zao letu la pili, maana wengi wetu tunalitegemea kwa ada za shule. Ila kwa mistari iliyogoma kabisa, msimu mmoja wa kutengeneza macho tu, machipukizi yakiwa yametandazwa juani, si hasara.

Ni kipande kimoja tu cha shamba

Uliza wazee palikuwa na nini. Zizi la zamani huacha rutuba inayodumu miaka mingi baada ya ng'ombe kuhama. Sehemu ya bondeni karibu na korongo ina udongo mzito na maji. Pengine bomba linavuja mahali. Kihesabu kipande hicho kama shamba tofauti: samadi hapana, maji yake peke yake, macho zaidi.

Kuhusu panga

Kukata ncha za juu si dhambi. Machipukizi yakifunga njia hata mwenye bomba la kupulizia hapiti, utakata. Lakini kila ncha ikikatwa, makwapa manne au matano ya chini yake huamka, na wiki tatu baadaye una matawi matano palipokuwa na moja. Kwa hiyo kata kwa kuchelewa kadiri unavyoweza kuvumilia, mara moja au mbili kwa msimu, na usishuke chini ya majani 12 hadi 15 kwa kila chipukizi, maana hayo ndiyo yanayoivisha vichala vyake viwili. Ukikata hadi majani manane, sukari haitapanda hata ukingoja mwezi.

Watu huniuliza pia kuhusu kukata mizizi kwa jembe la trekta kando ya mstari. Hufanyika kwingine, na hupunguza nguvu kweli. Kwa udongo wetu unaokauka hivi, na chumvi juu yake, sitafanya. Dawa za kudumaza nazo zina bei yake: mwaka 2010 zabibu za India zilikataliwa Ulaya kwa sababu ya mabaki ya dawa ya namna hiyo.

Mti wenye nguvu mpe nyumba kubwa

Ukishapunguza samadi na maji, ukaongeza macho, na uzito wa matawi ulioandika kwenye daftari bado haujashuka, basi mti wako una nguvu za asili na mfumo wa waya ni mdogo kwake. Gawa machipukizi. Mtindo ninaoupenda kwa gharama yake ndogo ni ule wa Scott Henry, mkulima wa Oregon, Marekani: mikono miwili kwenye waya mbili, mmoja juu ya mwingine. Machipukizi ya mkono wa juu yanapandishwa, ya mkono wa chini yanageuzwa kuelekea ardhini na kushikiliwa na waya. Nguzo ni zilezile, waya unaongezeka mmoja au miwili. Majani yanapata nafasi mara mbili, na chipukizi linaloelekea chini hupunguza mbio lenyewe. Yageuze baada ya kuchanua kidogo, jioni, yakiwa yamelegea kwa jua la mchana, kwa sababu asubuhi hukatika kirahisi.

Nilianza na mistari miwili kati ya kumi na minne, nikaiacha minane ikiwa imepogolewa kwa kuhesabu macho tu, na minne nikaendelea nayo kwa mazoea yangu ya zamani ili nilinganishe. Msimu wa kwanza sikuona tofauti kubwa, akiba ya mizizi ilikuwa bado nyingi. Msimu wa tatu mistari yenye macho yaliyohesabiwa ilifika 5 kwa hesabu ya Ravaz, ile iliyogawanywa ilivuka 6, na ile minne bado ilikuwa chini ya 2. Aprili hii nayo inapata waya wake.